Jinsi server yangu ya Erlang ilivyomfungia mlango nahodha aliyekwama ziwani Muleba

Wakuu, wakubwa shikamooni, wadogo mambo zenu.

Hili jambo nimekaa nalo moyoni muda mrefu. Ni la kweli, na sehemu kubwa ya aibu iliyomo ni yangu, kwa hiyo sina sababu ya kulipamba.

Wale wa "weka picha", nina log tu, yale maandishi server inayoyaweka ya kila kilichotokea. Mtanivumilia.

Mimi naandika programu, naishi Kibeta hapa Bukoba. Kuna wafanyabiashara wa dagaa kwenye kisiwa kimoja cha Muleba waliniomba mfumo wa kufuatilia boti zao. Kila boti inafungwa kifaa kidogo cha GPS chenye laini ya simu. Kifaa kinatuma mahali boti ilipo, server yangu inapokea, na walioko nchi kavu wanaiona kwenye ramani kwenye simu zao. Kina kitufe cha kuomba msaada pia.

Kule kisiwani msimamizi alikuwa dada mmoja, tumwite Koku, binti wa Rubya. Mume wake, Masalu, ni Msukuma aliyekuja kuvua akanogewa akabaki. Masalu ndiye nahodha wa boti inayovusha magunia ya dagaa kwenda mwaloni, soko la samaki la ng'ambo.

Server niliandika kwa Erlang. Nilisikia ni lugha iliyozaliwa kwenye mitambo ya simu, kwamba haifi hovyo. Nikajiona nimemaliza.

Shida ni kwamba niliandika Erlang kwa lafudhi ya Java, lugha niliyoizoea.

Kila mahali nimeweka ulinzi, kila kosa nimelikamata nikalificha, ili programu isianguke hata iweje. Juu yake nikaweka sheria niliyoipenda sana: kifaa kimoja, connection moja. Kifaa kikija tena wakati connection yake ya kwanza bado iko wazi, kikataliwe. Nilidhani nimezuia vurugu.

Sasa mtandao wa ziwani mnaujua, au kama hamuujui mshukuruni Mungu. Boti ikiingia pasipo na mtandao, mawasiliano yanakatika, lakini server haijui. Hakuna aliyeiaga. Inaendelea kushika mkono wa mtu ambaye ameshaondoka.

Siku moja asubuhi injini ya Masalu ikazima katikati ya maji, na upepo upo. Simu yake haishiki. Akabonyeza kitufe cha msaada, akaona taa ya kifaa, ile inayowaka server ikipokea, haiwaki. Akafanya kile ambacho sisi wote tunafanya: akazima, akawasha. Tena. Na tena.

Mara kadhaa kifaa kilipata mtandao kidogo kikapiga hodi. Server ikakitazama, ikaona huyu mbona yumo ndani tayari? Ikafunga mlango.

Wakuu, kadiri yule bwana alivyohangaika, ndivyo nilivyozidi kumkataa.

Na kwenye ramani ya Koku boti ilikuwa ya kijani, kwa sababu kijani niliifunga kwenye connection kuwa wazi, sio kwenye lini boti imesikika mara ya mwisho. Akaona mume wake ametulia sehemu moja, akajua amesimama kwa jamaa zake wanaovua njiani. Akaendelea kuanika dagaa.

Masalu aliokotwa jioni na boti ya kisiwa kingine iliyopita kwa bahati tu. Mzima, ila anatetemeka, na viganja vimechubuka kwa kuchota maji ndani ya boti kwa ndoo.

Kesho yake Koku akanipigia. Hakupiga kelele.

"Kaka, siku nzima nilikuwa naangalia simu. Ramani yako iliniambia mume wangu yupo."

Kutukanwa na wateja nimezoea, nakumudu. Hili sikulimudu. Nilikaa na simu sikioni hata baada ya yeye kukata.

Nikafunga safari hadi kisiwani, na huko nikaongeza ujinga juu ya ujinga. Nikaitisha kikao, nikawaambia manahodha: taa isipowaka, msizime-zime, subirini.

Masalu akaniangalia kwa upole. "Injinia, wewe maji yakiingia kwenye boti, utasubiri taa?"

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, kicheko cha usoni tu.

Nilirudi Bukoba nikijua kinachotakiwa kubadilika sio mkono wa Masalu. Nikaanza kuisoma Erlang upya, kwa unyenyekevu sasa.

Wenyewe wana msemo, let it crash. Kila connection inapewa process yake, kijiprogramu kidogo, kiko peke yake. Ikikutana na takataka, yaani ujumbe mbovu, iache ife. Juu yao kuna supervisor, msimamizi anayejua nani amekufa na nini kifuate. Mwanzoni iliniudhi. Yaani nimehangaika miaka yote programu isife, halafu mtu ananiambia iache ife?

Ikaniingia nilipofikiria kibanja cha mama yangu kule Maruku. Mgomba ukipata mnyauko hauubembelezi. Unaukata huo mmoja mapema, mingine inaendelea kuzaa.

Basi nikafuta ulinzi wangu karibu wote. Sheria nikaigeuza: kifaa kikija upya, huyu mpya ndiye wa kweli, process ya zamani inaondolewa. Connection ikikaa sekunde tisini bila neno, inafungwa. Na ile kijani nikaitoa kabisa, ramani ikawa inaonyesha dakika ngapi zimepita tangu boti isikike.

Kwa mafundi wenzangu, hili chukueni bure. Process za connection niliziweka ziwe zinafufuliwa na supervisor. Kwenye majaribio kifaa kimoja kibovu kikaziangusha mfululizo, supervisor akafika kikomo chake cha kufufua, akafa yeye na kila aliyekuwa chini yake. Ziwekeni temporary. Ikifa isifufuliwe, kifaa chenyewe kitarudi kupiga hodi.

Miezi ikapita. Mchana mmoja naona simu ya Koku.

"Kaka, upepo umechafuka huku. Masalu yuko njiani. Na wewe unamwona?"

Nikafungua log.

Process ya boti ya Masalu inazaliwa, inaishi sekunde nne, inakufa. Inakuja nyingine, inapokea ujumbe uliokatika katikati, inaanguka. Nyingine. Nyingine tena. Maji yalikuwa yameingia kwenye kifaa, na yule bwana alikuwa anazima na kuwasha, anazima na kuwasha. Lakini kila baada ya chache, moja ilifika na alama ya msaada na mahali boti ilipo, ikaikabidhi, ndipo ikafa.

Boti nyingine zaidi ya ishirini zilikuwa ndani ya server hiyo hiyo. Hazikutikisika.

Ile code niliiandika mimi, kila mstari naujua, lakini nilijikuta nimeondoa mikono kwenye keyboard kama mtu aliyeingia kanisani katikati ya sala.

Koku alikuwa na simu mbili, moja kwangu, nyingine kwa boti iliyokwenda kumtafuta. Namsikia: "Amesogea! Anasukumwa kulia kwenu, kulia, msinyooshe!"

Halafu log ikanyamaza.

Dakika tatu. Sita. Kumi na moja.

"Kaka, inasema kumi na moja. Yupo?"

Ingekuwa server ya zamani, ingemjibu yupo. Nikamwambia ukweli. "Dada, sijui. Ila hapo mwisho alikuwepo kweli, na upepo wa huko unaujua kuliko mimi."

Akavuta pumzi, akawaelekeza wenzake mbele ya ile alama ya mwisho, upande upepo unakokwenda. Wakamkuta huko, boti imejaa maji nusu, kifaa amekifungua akakikumbatia ndani ya shati.

Baada ya wiki mbili walikuja Bukoba wote wawili, wakapita Kibeta kunisalimia. Koku akataka aone "hivyo vijitu" nilivyomsimulia. Nikamfungulia log ya siku ile. Akashusha kidole mstari kwa mstari, taratibu.

"Vilivyokufa ni vingapi?"

Nikahesabu. "Arobaini na moja."

Koku akainamisha kichwa kidogo, sio kwangu, kwenye laptop.

"Kasinge waitu," akasema. Ahsanteni sana.

Wakuu, nimeandika programu miaka mingi na sijawahi kuona mtu akizishukuru process zilizokufa. Macho yalinilenga machozi, siwafichi.

Somo nililopata: usijenge mfumo unaoogopa kuanguka kiasi cha kudanganya. Na ukiona watumiaji wote wanafanya "kosa" lile lile, hilo sio kosa lao, ndivyo watu walivyo, wapokee hivyo hivyo.

Wajuzi wa Erlang nirekebisheni nilipoteleza. Na wewe ambaye mfumo wako uliwahi kumwambia mtu "yupo" wakati hayupo, lete kisa chako hapa, hatukucheki.