Muuza Maziwa wa Ughaibuni

Mama yangu huenda Ughaibuni kila asubuhi na kurudi kabla jua halijawa kali, na kwa miaka mingi alikwenda bila pasipoti. Ughaibuni ni jina la utani la mtaa mmoja wa mlimani, mjini kwetu. Zamani walikaa huko wageni waliokuja kujenga reli, na kwa jinsi walivyopakumbuka kwao, wakajijengea mtaa kama waliouacha: nyumba za matofali mekundu zilizobanana bega kwa bega, mapaa yaliyochongoka ili theluji iteleze, vingazi vya mawe mbele ya kila mlango. Wageni walishaondoka. Theluji haijafika mpaka leo.

Mama huuza maziwa huko. Anasukuma baiskeli yenye madumu mawili mpaka juu kabisa, kisha anateremka nyumba kwa nyumba akipima kwa kikombe chake cha bati, ulimi ukifanya kazi kuliko mikono. Anajua nani kanuniana na mumewe, mbwa yupi ni wa kubweka tu na yupi hana mzaha. Ukimuuliza alikuwa wapi, hujibu, "Nilisafiri." Sisi watoto tulikuwa tukimdai zawadi za ng'ambo.

Kumbe mimi ndiye niliyekuja kusafiri kweli. Niliolewa na dereva wa malori ya masafa marefu aliyepata kazi nchi za mbali, nikamfuata. Tulipopata nyumba yetu nilimpigia Mama simu ya video, nikaigeuza dirishani ili auone mtaa. Akaisogelea simu mpaka nikaona jicho moja tu.

"Hebu rudisha pale kwenye kona," akasema. "Hapo si kwa fundi saa?"

"Mama, huku ni ng'ambo."

"Najua ni ng'ambo. Nakuuliza habari ya kona."

Nikatazama vizuri. Matofali yale yale, vingazi vile vile, mteremko ule ule unaopinda kushoto. Tangu nihamie nilikuwa na hisia kwamba napajua pale, nikadhani ni upweke tu unanichezea. Tukacheka mpaka bando lake likaisha.

Kisha nikapata mimba. Mume wangu akishika njia haonekani kwa siku nyingi, na mimi lugha ya watu wale nilikuwa naiokota okota tu. Niliogopa kuzaa peke yangu, nasema kweli. Nilitaka kitu kimoja: mkono wa Mama ndani ya mkono wangu siku hiyo. Tukamkatia tiketi, na mimi nikaanza kumpa mawaidha kana kwamba nimemzaa mimi. Asitoke peke yake. Asivuke barabara bila mimi. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni.

"Kamba ya nini?" akajibu. "Mimi hapo napita kila siku."

Alifika na mabegi mazito kuliko yeye, akasimama mlangoni na kusema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Nikamwangukia shingoni, tumbo likitutenganisha. Kesho yake asubuhi, nikiwa bado nimelala, akaiacha simu yake kwenye chaji na kutoka kwenda kutazama "wateja".

Uchungu ulinianza asubuhi hiyo hiyo, kabla ya siku zake, na wala haukubisha hodi. Jirani yangu, bibi mmoja mjane anayeishi na paka wake, alinisikia kupitia ukutani, akaita gari la wagonjwa. Niliwasihi wamsubiri mama yangu. Hawakuelewa, au walielewa wakaona hakuna nafasi ya kusubiri. Hospitali ilikuwa ng'ambo ya mto, na njia nzima nilikuwa nageuka nyuma kumtafuta mwanamke aliyejifunga khanga juu ya koti.

Yaliyofuata nayasimulia kama alivyonisimulia yeye, na ukimjua Mama utapunguza kidogo. Alirudi akakuta mlango umefungwa. Yule bibi akamwonyesha tumbo kwa mikono, kisha akanyoosha kidole bondeni. Mama hakuhitaji mkalimani. Kwetu ukiteremka bonde lile unafika zahanati, jengo pana lenye milango mikubwa myekundu, nilikozaliwa mimi mwenyewe. Akatoka mbio. Kwa fundi saa palikuwa na duka la maua, akapita. Penye bomba la maji palikuwa na benchi, akapita. Akapinda kushoto, na milango myekundu ikawa pale pale ilipotakiwa kuwa.

Akaingia. Hakuona vitanda, aliona magari makubwa mekundu na wanaume wanakunywa kahawa. Lile jengo ni kituo cha zimamoto. Ndipo nilipoelewa, baada ya umri wote huu, kwa nini zahanati yetu ina milango ya kupitisha lori.

Mama hakuelewa wala hakujali. Alichora tumbo hewani, akabembeleza mtoto asiyekuwepo, akatoa picha yangu kifuani. "Mwanangu," akawaambia kwa Kiswahili. "Anazaa. Sasa hivi." Wakatazamana. Mmoja akapiga simu huku na huku mpaka akajua nimepelekwa wapi. Mwingine akampa mkono apande gari.

Mimi nilikuwa kitandani, nimewakazia meno wauguzi, mkunga ananiambia nisukume na mimi natikisa kichwa. Nikasikia king'ora. Mama anaapa kilipigwa njia nzima. Kisha nikasikia sauti koridoni ikigombana na muuguzi, huyu kwa lugha yake na huyu kwa yake, na wakielewana vizuri sana. Mlango ukafunguliwa. Mama alikuwa amevaa koti la zimamoto linalomfika magotini.

"Nimechelewa?"

Nikamnyooshea mkono. Akaushika. "Haya, mwanangu, sukuma. Sukuma kama baiskeli ya mlimani." Binti yangu akazaliwa askari wale wa zimamoto wakiwa bado wamesimama nje ya mlango, nao wakapiga makofi.

Mama alikaa nasi mpaka ruhusa yake ya kukaa nchini ilipokwisha. Siku aliyoondoka, mume wangu alikuwa njiani na lori, na nyumba ilinizidi ukubwa. Nikalia nikiwa nafua, nikalia nikiwa napika. Mtu ana mtoto wake mkononi na bado anamtaka mama yake. Mwana hakui kwa mamaye.

Asubuhi moja simu ya video ikaita. Niliona kwanza vingazi vya mawe, halafu mlango wangu, halafu dirisha langu na paa lililochongoka juu yake. Mama alikuwa anahema, na dumu la maziwa lilionekana pembeni.

"Niko hapa nje kwako," akasema. "Mlete mjukuu wangu dirishani nimwone kabla wateja hawajaanza kelele."

Sikuwa mjinga, nilijua amesimama mtaa gani. Nikambeba mtoto, nikavuta pazia, nikafungua dirisha.