Vishimo Ishirini na Vitano

Kazini walimwita Mama Vishimo, na jina hilo alilipenda kuliko alilopewa na wazazi. Kwa miaka ishirini na miwili aliinamia hadubini akihesabu vishimo vilivyochimbwa kwenye mawe ya mwezini na vimondo vidogo kuliko chembe ya unga. Kishimo cha kweli kina kioo ndani na duara jeupe pembeni. Kisicho navyo ni mkwaruzo tu, hakuna mjadala.

Kisha akaja msichana, binti wa mdogo wake wa tumbo moja. Mama Vishimo ndiye aliyemwombea kazi na kumfundisha, asijue anajipalia makaa. Mwaka haujaisha, mkuu wa maabara akawa anamsifu kila wakati wa chai.

"Mgema akisifiwa tembo hulitia maji," Mama Vishimo alinong'ona. Wivu ulimkaba hasa. Hadubini mpya ilikuwa inakuja, na kiti chake ni kimoja.

Kwa desturi yao, jiwe huhesabiwa na watu wawili, kila mtu peke yake, wala hachungulii karatasi ya mwenzake. Safari hii, jiwe moja ndilo lingeamua nani apewe kiti. Mama Vishimo, kwa ukubwa wake, akakusanya karatasi. Zote mbili: 187. Akaiinua ya msichana dirishani. Chini ya 187 palikuwa pamefutwa 212.

Amechungulia! Kwa kosa hilo mtu hufukuzwa siku hiyohiyo. Tuseme ukweli, moyo wake uliruka kwa furaha.

"Umefuta kwa nini?"

"Niliona karatasi yako, mama mkubwa. Nikasema, mimi nani hata nione zaidi yako?"

Akarudi kwenye hadubini ili amwonyeshe mtoto huyo mikwaruzo yake. Jicho la kulia, lile la kazi, likaona 187. Kwa hasira akajaribu la kushoto. Ukingoni mwa jiwe vilikuwapo vingine ishirini na vitano, kila kimoja na kioo chake.

Akavihesabu tena, kimoja kimoja, mpaka chai ikapoa. Kisha akabeba karatasi zote mbili kwa mkuu.

"Macho yangu yamechoka. Ya huyu yanaona. Kuchungulia nimeshamkanya; msamehe mara hii. Mpe kiti."

"Kumbe umemfundisha vizuri," mkuu akasema.

Hadubini mpya ilipofika, Mama Vishimo alimtazama msichana akikaa, akikiinua kiti kidogo kilingane na kimo chake. Akatamani angekuwa amemfundisha vibaya.