Mpwa wa Radi Nyuma ya Pazia

Sponji aliamka na hasira, na siku yenyewe ilikuwa bado haijamkosea kitu. Ndivyo alivyokuwa. Alifungua karakana yake ya makochi, akaketi chini na kiti cha mteja mapajani, akaanza kuchomoa misumari ya zamani kwa koleo kana kwamba kila msumari ulikuwa umemtukania mama. Wateja wake walimzoea. Walijua kwamba fundi huyu hasalimii vizuri, ila kochi likitoka mikononi mwake halibonyei tena.

Jina la Sponji alilipata shuleni. Kisa kimoja ni baba yake, ambaye naye alikuwa fundi makochi, hivyo binti alikuwa akifika darasani na chembe za sponji kichwani. Kisa cha pili ni masikio yake. Akisikia kitu mara moja kimeingia, na hakitoki.

Kilichoingia mapema kuliko vyote ni dramu za mjomba wake. Mjomba huyo, kaka wa mama yake, alikuwa mpiga dramu wa bendi kubwa, na watu walimwita Radi. Hata dada yake wa tumbo moja alimwita Radi. Bendi ilifanyia mazoezi uani kwake, na ua huo ulipakana ukuta kwa ukuta na karakana. Mtoto alipanga mito ya makochi sakafuni, ile ya sponji ngumu huku, laini kule, ya pamba katikati, akakata miguu miwili ya kiti kibovu ikawa fimbo zake, akajibu kila kilichotoka upande wa pili. Baba yake alimwambia apige anavyotaka, mradi asichane kitambaa.

Radi alikuwa na mikato yake, vile vipande vifupi ambavyo mpiga dramu huvitupia katikati ya wimbo na watu wakajua ni yeye kabla hawajamwona. Mmoja uliitwa Kuvuta. Mikono ilishuka mbio kutoka ngoma ndogo hadi kubwa, halafu kila kitu kikanyamaza, mchezaji akabaki na mguu wake hewani, na ngoma ya mguu ikaja nyuma kidogo ya pale ulipoitegemea. Ni hapo kwenye kuchelewa ndipo ukumbi ulipolipuka. Vijana wote waliojaribu dramu walianza na huo, na wengi wao waliishia hapo hapo.

Sponji aliushika angali hajavunja ungo. Siku moja akajikaza, akaenda uani bendi ikiwa imepumzika, akamwomba mjomba wake amfundishe. Radi alimshika viganja, akavigeuza mbele ya wenzake kama mtu anayekagua viazi.

"Mikono hii ni ya kukanda unga, mwanangu," alisema.

Bendi ilicheka. Aliyecheka kwa muda mrefu zaidi alikuwa mpiga gitaa mmoja mwembamba, ambaye baadaye alikuja kuwa kiongozi wa bendi na kuitwa Mwenyekiti. Sponji alirudi karakanani na hakuomba tena. Tangu hapo aliiba. Alibandika sikio ukutani mpaka shavu likapauka kwa chokaa, akaiba mkato baada ya mkato, na hasira ikawa ndiyo ada aliyolipa.

Akakua, baba akafariki, karakana ikawa yake. Mwishoni mwa juma alipiga dramu kwenye kibendi cha harusi. Alipiga vizuri, vizuri sana, na hapo ndipo ubaya ulipokuwa. Watu walimfuata wakiwa wametota jasho, wakampa mkono, wakamwambia kwamba ukifumba macho unamwona Radi. Walidhani wanamsifu. Yeye alifunga fimbo zake kwenye kitambaa, akaenda zake nyumbani akitafuna midomo. Alijitahidi kupiga kitu kisichokuwa cha mjomba, lakini kila mkono uliponyanyuka, ulishuka mahali pa Radi. Na kibaya zaidi, hao waliomsifu walikuwa wanasema kweli.

Kisha Radi akapatwa na kiharusi. Mguu ulirudi, ulimi ukarudi, ila mkono wa kushoto ulibaki unaning'inia kama mkono wa koti. Bendi ilificha. Ikasemwa kwamba mkongwe anapumzika. Tatizo ni kwamba sherehe ya bendi ya kutimiza miaka ilikuwa imeshatangazwa, na picha ya Radi ilikuwa imebandikwa kila nguzo ya umeme, fimbo juu, meno yote nje.

Mwenyekiti akaja karakanani. Hakusubiri kukaribishwa, akajibwaga kwenye kiti ambacho Sponji alikuwa hajakifunga mikanda, akazama mpaka magoti yakakaribia masikio. Kutoka humo shimoni akaeleza alichotaka. Radi atakaa mbele, kwenye dramu zilizovalishwa vitambaa ndani ili zisitoe sauti, akitikisa mkono mzima na kuuinua ule mwingine kwa ujanja. Sponji atakuwa nyuma ya pazia na dramu za kweli. Hakuna atakayejua.

"Kwa hiyo mimi nipige, yeye apigiwe makofi," Sponji alisema.

"Wewe si unapiga kama yeye?" Mwenyekiti akajibu, bado akihangaika kujinasua. "Tungemtafuta nani mwingine?"

Alimfukuza. Akamwambia hata hicho kiti akiache kilivyo. Lakini kesho yake akaja mama yake, naye hakuzungumza habari za bendi. Alikaa kwenye rundo la magunia, akavua kanga ya kichwani, akasema kwamba amemkuta Radi analia. Tangu wakiwa watoto hajapata kumwona akilia, hata siku walipomzika baba yao. Sponji alipiga misumari mingi isiyohitajika, halafu akauliza mazoezi yanaanza lini.

Yalianzia uani pale pale. Radi alikaa kwenye kiti cha plastiki kando yake, mkono mbovu mapajani, akaanza kumfundisha kwa fimbo moja na mdomo mchafu. Alimwambia anapiga kama mtu anayefukuza kuku. Alimwambia amejifunza vishindo tu, kwa sababu ukutani husikika vishindo tu. Akamwonyesha yale mapigo madogo ya katikati, yanayogusa ngozi ya ngoma kama mtu anayekupapasa begani kidogo tu hata usigeuke, ambayo hayasikiki mbali ila yakikosekana wimbo unakuwa mifupa. Akamwonyesha jinsi ya kuiacha fimbo irudi yenyewe badala ya kuivuta.

Sponji alifyonza kila kitu, na kadiri alivyofyonza ndivyo alivyochemka. Kumbe mtu huyu anajua kufundisha. Kumbe anaeleza kitu kikaeleweka. Miaka yote ile ya shavu ukutani, alikuwa na uwezo wa kufungua mlango na kusema njoo, kaa hapa, shika hivi. Hakutaka tu.

Wakafika kwenye Kuvuta. Sponji akaupiga kama alivyoujua, ule mguu wa mwisho ukaja kwa kuchelewa kwake, sawasawa. Radi akacheka, kicheko cha mdomo uliopinda kidogo upande mmoja.

"Huo nao umeuiba vizuri," alisema. "Unajua ulitoka wapi?"

Sponji akatikisa kichwa, naye Radi akaendelea.

"Nilianguka kutoka kwenye gari la vyombo. Kifundo kikatenguka, na jioni ile tulikuwa na kazi. Kila nikikanyaga, maumivu yananishika, mguu unachelewa. Watu wakashangilia. Kesho wakauomba tena. Kifundo kilipopona ilibidi nianze kujifunza kuchelewa kwa makusudi."

Alisema kama mtu anayesimulia utani mzuri. Sponji aliweka fimbo chini. Alifikiria ile mito ya sakafuni, vidole vilivyochubuka, harusi zote, vijana wote wa mji wakikanyaga kwa kuchelewa na kuona wamegusa siri. Alikuwa amejifunza kuchechemea. Alimuuliza mjomba wake kwa nini hakumwambia mtu. Radi akainua bega moja, lile lililokuwa bado linainuka, akasema hakuna aliyemuuliza.

Siku ya sherehe ikafika, Jumapili mchana, ukumbi ukajaa hadi madirishani. Nyuma ya pazia palikuwa na joto, vumbi na ndoo ya kudekia. Kwenye pazia palikuwa na mpasuko mwembamba, na kupitia hapo Sponji aliiona shingo ya mjomba wake, kola mpya, na jasho likishuka nyuma ya sikio. Radi aliinua fimbo, yeye akapiga. Nyimbo za kwanza zilikwenda bila kosa. Mzee alikuwa mwigizaji wa kutisha. Mkono mmoja ulifanya kazi ya miwili, kichwa kikatikisika pale pale panapotakiwa, na watu wakawa hawana habari.

Kisha Mwenyekiti akashika maikrofoni kati ya nyimbo. Akawaambia watu watazame mikono ile, mikono ambayo haijazeeka, mikono ambayo hakuna mwingine aliyezaliwa nayo. Ukumbi ukasimama wima. Radi akainamisha kichwa kupokea makofi, akayapokea kwa starehe, akaweka mkono mzima kifuani. Hakugeuza shingo hata kidogo kuelekea pazia. Hata jicho tu.

Sponji alizikaza fimbo viganjani. Wimbo ukaanza, ule wenye Kuvuta, na mahali pake pakafika. Mikono yake ikashuka mbio, kila kitu kikanyamaza, na mguu wake ukakanyaga. Haukuchelewa. Ulikanyaga kwa wakati wake, barabara, na kabla ule mshindo haujapoa aliongeza mingine ambayo haikuwa ya Radi wala ya mtu yeyote, mapigo makavu ya fundi anayegonga misumari kwenye mbao, mkono kwa mkono, yasiyomsubiri mtu.

Mbele, fimbo ya Radi ilikuwa bado hewani.

Waliokuwa karibu na jukwaa waliona kwanza. Ngoma inalia, mpigaji ameshikilia fimbo juu kama anayenadi samaki. Radi akajaribu kumfuata, akapotea, akajaribu tena, lakini alikuwa akifukuza sauti asiyoijua. Mtu akapiga mluzi. Kicheko kikaanza pembeni kikasambaa, na Mwenyekiti akaanza kumwashiria Sponji kwa mkono uliofichwa nyuma ya gitaa, acha, acha. Hakuacha. Alikuwa akipiga na machozi ya hasira yakimwingia mdomoni, na kwa mara ya kwanza maishani mwake kila mkono ulikuwa ukishuka mahali pake mwenyewe. Radi akaweka fimbo chini na kukaa akitazama magoti yake. Sponji aliiona shingo ile ikiinama. Akaendelea kupiga mpaka wimbo ukaisha.

Ukumbi ulizomea. Wengine walipiga makofi wasijue wanampigia nani.

Walikutana kwenye ujia wa nyuma, karibu na vyoo. Radi alikuwa ameegemea ukuta, koti limemteleza upande wa mkono mbovu.

"Umenivua nguo mbele za watu," alisema.

"Na mimi mlinivisha pazia, mjomba."

"Nitakufa tu, hukuweza kusubiri?"

Sponji alikuwa na majibu chungu nzima, mengine ya tangu utotoni. Badala yake alimrudishia koti begani, akalivuta likakaa sawa, kwa nguvu zaidi ya ilivyohitajika, akaondoka. Nje mama yake alimpita bila kumsalimia.

Mama alinuna kwa muda mrefu. Alimwambia, alipoanza kuzungumza, kwamba angeweza kukataa tangu mwanzo, na hilo lingekuwa la kiungwana. Sponji hakubisha, kwa sababu alijua ni kweli, na alijua pia kwamba siku ile ingerudi angefanya vile vile. Ile shingo ilimjia mara kwa mara akiwa anakata kitambaa, akaharibu vipande kadhaa. Hasira kwa mjomba na huruma kwa mjomba vilikaa pamoja kifuani kama wake wenza, havisemezani.

Mwenyekiti alitangaza kwamba hatamtaka mwanamke huyo hata kwa kubeba spika. Lakini habari ilikuwa imeshatoka, na bendi nyingine, ya vijana wasiokuwa na jina, ikamfuata karakanani. Walimuuliza kama anaweza kupiga yale mapigo makavu ya siku ile. Hawakumtaja Radi. Aliwaangalia mmoja mmoja akitafuta kebehi, hakuiona, akawaambia wasikae kwenye viti vya wateja.

Akawa anapiga nao Jumamosi. Yale mapigo madogo ya kupapasa, aliyofundishwa uani, aliyatumia yote, maana hakuwa mjinga wa kutupa kitu kizuri. Kuvuta hakuupiga tena, na watu walipouomba alijifanya kiziwi.

Jumamosi moja mama yake alimwambia kwamba Radi alikuwa ukumbini wiki iliyopita. Alikaa nyuma kabisa, karibu na mlango, akaondoka kabla taa hazijawashwa.

"Akasemaje?" Sponji aliuliza, akiendelea kukunja kitambaa.

Mama akajibu. "Anasema toazi la kulia unalipiga kwa nguvu mno. Anasema utalipasua."

Sponji akauliza kama ni hilo tu. Mama akasema ni hilo tu, lakini Radi alilisema mara tatu njiani walipokuwa wakirudi.

Jioni ile Sponji alipanda jukwaani, akasogeza kiti, akalikaza toazi la kulia mpaka nati ikagoma. Wimbo ulipoanza alilipiga hilo kwanza, kwa mkono wote, mpaka mpiga besi akaruka.