Siku Shangazi Alipomshusha Konokono Mlimani

Kila asubuhi, kabla hajanawa uso, shangazi yangu alitoa leseni yake ya udereva kwenye kikopo cha vifungo, akaipangusa kwa pindo la gauni, akaitazama, akairudisha. Alifanya hivyo miaka sita, na katika miaka hiyo hakuwahi kuendesha gari barabarani hata siku moja.

Alikuwa fundi wa kushona viti vya mabasi katika gereji ya Baba, ambaye ni kaka yake, na alilala chumba chetu cha uani. Watu wa gereji walimwita Pindo. Kutwa alikuwa ndani ya basi lililong'olewa viti, uzi mdomoni, akisikiliza madereva wakibishana nje. Jioni fundi wa injini alimwachia ayapange mabasi uani, mbele nyuma, mbele nyuma, mpaka siku moja akaenda mwenyewe kupimwa akarudi na leseni. Baba alicheka hadi kikohozi kikamshika.

"Leseni unayo, gari huna. Sawa na mtu mwenye mswaki asiye na meno!"

Gereji nzima ilicheka. Shangazi naye alicheka, ila niliona jinsi alivyokifunga kile kikopo.

Mwaka wa sita Baba alimaliza kugeuza basi dogo kuukuu kuwa nyumba: kitanda nyuma, jiko la gesi, pipa la maji, kabati la vyombo. Magodoro na mapazia alishona Shangazi. Tukamwita Konokono, kwa kuwa alibeba nyumba yake na hakuwa na haraka. Tukaenda naye mapumziko ya siku sita ziwani, ng'ambo ya milima: Baba, Mama, Shangazi na mimi.

Siku mbili kabla ya safari Shangazi alikuwa amepata barua. Kiwanda cha mikate kilitaka madereva wa malori, na atakayepita angepewa chumba kwenye nyumba za wafanyakazi. Majaribio ni Jumatatu saa nane mchana, na atakayechelewa jina lake linakatwa. Baba aliisoma barua akamrudishia.

"Tutawahi," alisema, kwa sauti ileile anayowaambia wateja.

Jumatatu tuliondoka ziwani saa kumi na mbili asubuhi. Shangazi alikuwa amekwishavaa viatu vya kamba, mkoba wake mapajani. Baba akasimama tupige picha maporomoko ya maji. Akasimama tena kunywa chai. Saa nne ilitukuta bado tunapanda.

"Kaka, tusogee basi."

"Haraka haraka haina baraka."

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo."

Mama akaguna. "Baba watoto, leo umekutana na saizi yako."

Tulipovuka kilele, Baba alifanya kama anavyofanya kwenye kila mteremko. Aliondoa gia ili gari lishuke lenyewe, mafuta yasiliwe. Konokono akasahau kuwa yeye ni konokono. Baba akakanyaga breki, akaachia, akakanyaga tena. Vikombe viligongana kabatini. Ikaja harufu kama ya pasi iliyosahauliwa juu ya nguo, halafu moshi ukafuka kutoka gurudumu la mbele.

"Kaka, breki zinaungua. Rudisha gia."

"Nani dereva hapa?"

Kona iliyofuata, pedali ilizama hadi chini. Kisogo cha Baba kililowa jasho. Akalazimisha gia, injini ikapiga yowe, akavuta breki ya mkono, tukaukwaruza ukuta wa mlima na kusimama kwenye changarawe.

Tuliteremka wote. Baba akakinga ndoo ya maji kwenye pipa. Shangazi akasimama mbele ya gurudumu.

"Usimwagie! Chuma cha moto ukikipa maji baridi kinapasuka. Kikipasuka, tutakaa hapa mpaka tuote majani."

"Nani kakufundisha?"

"Madereva wako. Wewe unawapigia kelele, mimi nawasikiliza."

Tukangoja breki zipoe. Mama alichemsha chai, Baba hakunywa. Kila baada ya muda Shangazi alisogeza kiganja karibu na gurudumu bila kuligusa. Saa tano u nusu alitoa kikopo mkobani, akachukua leseni. Safari hii hakuipangusa. Aliiweka mbele ya kioo, akakaa kwenye usukani, akaijaribu pedali mara tatu. Ikashika.

"Pindo, shuka," Baba alisema.

"Panda, Kaka. Ukitaka kubaki baki, lakini jiko tunaondoka nalo."

Mama akapanda. Baba alifuata mwisho, akaenda kuketi nyuma kitandani.

Shangazi alitia gia ya pili kabla hajaachia breki ya mkono. "Gia unayopandia ndiyo unayoshukia," aliniambia bila kugeuza kichwa. Konokono alinguruma kwa hasira, lakini alitii. Usukani aliupitisha mikononi kama anavyopitisha kitambaa chini ya sindano, hauvuti, hausukumi. Nyuma yetu honi zililia. Mwanamume mmoja akatupita, kichwa nje ya dirisha.

"Mama, utafika mwaka gani?"

"Huuhuu!" Shangazi alimjibu.

Saa saba tulikuwa chini, kwenye barabara iliyonyooka, na hapo akaukandamiza mguu. Tulipoanza kuona maghala ya mjini, Baba akasema kutoka nyuma, "Pitia nyumbani kwanza tushushe mizigo."

"Mizigo haina majaribio."

Saa nane kasoro dakika sita alimrudisha Konokono kinyumenyume katikati ya malori mawili, nje ya geti la kiwanda, akasimama sambamba nayo. Mlinzi aliacha kutafuna. Shangazi alichukua leseni, akanipa kikopo.

"Vifungo ni vyako."

Funguo akamwekea Baba kiganjani.

"Kesho kuna viti vya lile basi jekundu," Baba alisema, taratibu. "Utarudi saa ngapi?"

"Mteremkoni tia gia, Kaka."

Akauchukua mkoba. Ulikuwa mzito; nguo zake zote zilikuwamo, maana mimi ndiye niliyeukalia ili zipu ifunge, siku tunatoka nyumbani. Alipita getini bila kugeuka, na katika chumba chetu cha uani hakulala tena.