Nilifuta Sentensi Moja, Kaka Yangu Akabeba Lawama

Nimekosa, na sina wa kumsingizia. Nikisema shetani alinipitia nitakuwa namwonea. Ni mimi, kwa mikono yangu, na akili zangu timamu.

Mimi ni binti wa Kasese, kazi yangu kutengeneza tovuti. Rafiki yangu Sauda, mke wa mwenye malori pale Bwera, alianzisha kampuni ndogo ya kuwapeleka wajawazito hospitali kwa pikipiki, kutoka vijiji vya mlimani. Tovuti alijitengenezea mwenyewe, na jamani, ilikuwa mbaya! Rangi zinagombana, na juu kabisa picha ya pikipiki tupu.

"Batu bananipigia, banauliza piki ni bei gani," aliniambia. "Banafikiri nauza piki. Nitengenezee, dada. Mutu akifungua tu, aelewe tunafanya nini."

Nikaifanya kazi kwa moyo. Nikaweka picha ya mama anacheka amepakata mtoto, na juu yake maneno makubwa: TUNAKUFUATA MPAKA MLANGONI.

Ila Sauda alikuwa ameandika hivi: "Mvua ikinyesha, pikipiki inaishia senta. Mama ashuke mapema." Nikaifuta. Iliniharibia ukurasa! Nani anatangaza biashara huku akitaja kasoro zake?

Sauda aliona. "Na ile ya mvua iko wapi? Kule Karambi juu, piki haipande na matope, inabaki senta, ku maduka ya chini."

"Nitairudisha. Acha nimalize kwanza."

Sikuirudisha. Tovuti ikafunguliwa, watu wakaisifu, maswali ya bei ya pikipiki yakakoma. Kichwa kikanivimba! Nikamtumia kiungo cha tovuti kaka yangu Bwambale, mkulima wa Karambi, maana mkewe Biira alikuwa mjamzito. Kaka aliacha shule mapema, husoma kwa kufuatisha maneno na kidole. Lakini aliisoma yote, akamsomea na wifi.

Uchungu ulimshika wifi asubuhi, mawingu yameshaufunika mlima. Kaka akabonyeza pale palipoandikwa "Nifuate", ombi likaenda. Kisha mvua ikashuka na mtandao ukakatika. Wakaketi mlangoni na mfuko wa nguo za mtoto, wakingoja.

Mwenye pikipiki naye alifika senta, akakaa kwenye baraza la duka, akingoja. Hawa wanangoja juu, yule anangoja chini! Mchana ukaisha hivyo. Kaka alipoona hali inabadilika akateremka mbio kwenye matope, akamkuta.

"Mimi niko hapa tangu asubuhi," yule bwana akamwambia. "Mama iko wapi?"

Majirani walimteremsha wifi kwa machela ya miti. Yeye alifika hospitali hai. Mtoto, wa kiume, alizaliwa bila kulia.

Kama ningeishia hapo, ningekuwa mzembe tu. Lakini sikia nilichofanya!

Habari iliponifikia Kasese, kabla sijalia, kabla sijauliza wifi ana hali gani, nilifungua kompyuta nikairudisha ile sentensi. Neno kwa neno. Ndipo nikapanda gari kwenda msibani.

Baada ya kuzika, kaka aliteremka Bwera mpaka ofisini kwa Sauda. Nikamfuata. Alipofika mlangoni akapaza sauti.

"Muliandika mutafika ku mulango! Sisi tulingoja ku mulango!"

Sauda akafungua simu yake, akatafuta, akamwonyesha kwa upole. "Pole sana, kaka yangu. Pole. Lakini iko imeandikwa hapa. Mvua ikinyesha, inaishia senta."

Kaka akaichukua simu. Akapitisha kidole chini ya maneno, midomo ikicheza. Akarudia tena. Kisha akakaa chini, sakafuni.

"Sikuiona," akasema. "Nilisoma, sikuiona. Ni mimi nimeua mutoto wangu."

Na mimi nimesimama pale pale! Nikamshika bega nikasema, "Basi kaka, ni kazi ya Mungu." Eh, nilivyothubutu kumtaja Mungu!

Siku chache baadaye nilikwenda kuwajulia hali. Wifi aliniambia, huku akijifunga kitambaa kifuani kwa ajili ya maziwa yasiyo na mtoto wa kuyanyonya, kwamba Bwambale hataki tena kushika kitu chenye maandishi. Mtoto wao wa shule akimletea daftari, anamwambia, "Peleka kwa mama. Mimi sijui kusoma."

Hapo nikashindwa kuvumilia. Nikamfuata kwenye shamba lake la kahawa, nikamwambia yote. Kwamba sentensi haikuwepo. Kwamba niliirudisha yeye akiwa bado hospitali na mkewe.

Mikono yake ikasimama kwenye tawi. "Kwa hiyo nilisoma sawa?"

"Ulisoma sawa, kaka."

Akalia. Hakuwa amelia tangu kaburini. Nilipomsogelea akanizuia kwa mkono.

"Kufuta ningekusamehe. Mutu anakosea. Lakini uliniona nimekaa chini pale, ukaniacha."

Tangu siku hiyo hajanipokelea simu. Sauda naye nilimweleza. Alikwenda Karambi mwenyewe kuwaomba msamaha kwa kosa nililomficha, akarudi, akanitaka nimpe neno la siri la tovuti. Basi. Hatuna tena la kuzungumza. Wifi ndiye bado ananijibu salamu, na salamu yake inanichoma kuliko matusi.

Ndugu msomaji, labda wewe pia unaandika matangazo, au unawapambia watu biashara zao. Usifute ukweli kwa sababu haupendezi machoni. Kuna mtu atakuja kuyashika maneno yako siku ya shida, na hatakuwa na kingine cha kushika.

Na ukishakosea, sema! Sema upesi, hata sauti ikikatika, kabla mwenzako hajaamini kwamba kosa ni lake. Mimi nilichelewa. Mtoto nisingeweza kumrudisha, hilo najua. Lakini kaka yangu nilikuwa naye mkononi, bega lake nimelishika, na nikanyamaza.