Fundi wa Sare Aliyetaka Kukaa Nyuma ya Kamera

Nyumbani walimwita Mpelelezi, na jina hilo alibandikwa na mama yake. Kila Jumamosi alasiri, mama mtu akiwa amenyoosha miguu yake iliyovimba juu ya kigoda, walikaa wawili mbele ya televisheni kuangalia tamthilia. Mama alifuata kisa: nani kamwacha nani, nani kaficha wosia. Binti alifuata mengine.

"Umeona hapo, mama? Kaingia mlangoni kola imesimama. Sasa kakaa, kola imelala. Nani kaishika?"

"Mwenzio anaachika, wewe unamkodolea kola. Mpelelezi mkubwa wewe."

Alikuwa fundi cherehani. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa ameshona sare za shule katika karakana moja, mashati meupe na sketi za bluu, mpaka macho yake yakazoea kuunasa mshono uliopinda hata kabla hajaufikia. Lakini makosa ya tamthilia hayakuwa yanamkera. Yalimpa hamu. Alijua kwamba mahali fulani pana chumba chenye taa na nyaya, na ndani yake wamo watu ambao kazi yao ni kuangalia tu. Majina yao yalipita mbio mwishoni, wakati mama anasema zima hiyo tukapike, naye husogea mpaka pua iguse kioo ajaribu kuyasoma. Alikuwa na miaka arobaini na miwili. Hamu hiyo hakuwahi kumwambia mtu. Angeanzia wapi?

Siku moja redio ya karakanani ilitoa tangazo. Vituo kadhaa vya televisheni vilikuwa vimechanga na kuanzisha mfuko wa kuwasomesha watu wapya kazi za nyuma ya kamera: sauti, taa, mavazi, uhariri na nyinginezo. Mfuko ungelipia masomo, nauli na malazi kwa miezi minne. Cheti cha chuo hakikuhitajika. Umri haukutajwa. Mguu wake ukaganda juu ya pedeli.

"Vipi, uzi umekatika?" msimamizi aliuliza.

"Hapana," alisema, lakini hakushona hata pima moja mpaka tangazo likaisha.

Fomu ilitaka aeleze uzoefu wake. Hakuwa nao. Akapiga moyo konde, akachagua sehemu moja ya tamthilia, akaandika kurasa mbili za kila kitu kilichobadilika pasipo sababu: kola, hereni, saa ya ukutani, mlango uliofunguka wenyewe. Akaituma, kisha akaanza kujuta. Wiki tano alikuwa roho juu. Ya sita akaitwa.

Waliomhoji walikuwa watatu. Aliyekaa katikati alikuwa mwalimu wa kozi, mama mmoja mwembamba aliyening'iniza miwani shingoni kwa kamba.

"Wengi wanaokuja hapa wanataka kuigiza," alisema. "Wewe je?"

"Mimi sina haja ya kuonekana. Nataka kuwepo pale vitu vinapotengenezwa."

"Una swali lolote kwetu?"

"Sina. Ila bilauri yako ilikuwa kushoto nilipoingia. Uliihamisha ukiwa unasoma karatasi zangu, na hukunywa."

Mwalimu aliitazama bilauri, kisha akawatazama wenzake. Hakucheka, lakini aliandika kitu.

Habari za kuchaguliwa zilipofika, furaha ilikuja imeshikana mikono na hofu. Chuo kilikuwa mji mwingine, mwendo wa kutwa nzima, na miguu ya mama haikuwa ya kuachwa peke yake. Mdogo wake wa kike, aliyeolewa upande wa pili wa mji, ndiye aliyemaliza maneno.

"Mlete kwangu, dada. Miezi minne si milele."

Mama alikubali bila kubishana. Siku ya kuagana, binti alipoinama kumwamkia, aliitikia marahaba, akamshika kidevu.

"Nenda mwanangu. Nitaangalia peke yangu, nikupe habari."

Neno hilo la peke yangu alisafiri nalo njia nzima.

Chuoni ndipo alipojua kazi yake inaitwaje: mwangalizi wa mwendelezo. Alijifunza kwamba tamthilia hairekodiwi kwa mpangilio wa kisa. Mtu anaweza kulia Jumatatu na sababu ya kilio ikarekodiwa Alhamisi, na chai iliyobaki nusu kikombe sharti ibaki nusu siku zote hizo. Yeye ndiye angekumbuka. Wanafunzi wenzake, wote wa umri wa wapwa zake, walimwita Shangazi. Walimfundisha kompyuta kwa uvumilivu mkubwa, naye akawashonea vifungo vilivyochomoka. Jumamosi alasiri alipiga simu nyumbani, na mama akamsimulia tamthilia yote, akichanganya majina ya wahusika na ya majirani wa bintiye mdogo. Alisikiliza amefumba macho.

Kozi iliisha. Akarudi, mama akabaki kwanza kwa mdogo wake, naye akasubiri kuitwa kazini. Kimya. Mfuko ulikuwa umemlipia masomo, haukuwa umemwahidi ajira. Mwezi ukapita, ukaja wa pili, akarudi kwenye cherehani kwa shingo upande. Hapo ndipo hamu ilipomuumiza kweli. Zamani alitamani kitu asichokijua. Sasa alikijua mpaka harufu yake, vumbi linaloungua juu ya taa, na ule ukimya unaowashika watu thelathini kwa mpigo kabla kamera haijaanza. Alishona mashati huku masikio yakiusubiri ukimya ule katikati ya kelele za mashine.

Mwezi wa nne simu ikalia. Alikuwa mwalimu mwenye miwani.

"Mwangalizi wetu wa hapa studio amejifungua mapema. Unaweza kufika lini?"

"Kesho."

"Kesho hakuna kazi. Njoo keshokutwa."

Alikwenda kwa wiki tatu, akabakizwa. Sasa ni mwaka wa pili. Hukaa kwenye kiti kidogo karibu na kamera, daftari mapajani, na hata mwongozaji humwangalia yeye kwanza kabla ya kusema tuendelee.

Alipanga vyumba viwili karibu na studio. Kimoja akakitengeneza mwenyewe kwa ajili ya mama: kitanda cha chini asichohitaji kukipanda, mapazia aliyoyashona kwa mkono wake, televisheni kubwa kuliko ile ya zamani. Alipopata likizo akaenda kumchukua kwa mdogo wake.

Mama alimkaribisha, akamsikiliza akieleza habari za chumba mpaka mwisho.

"Huko wewe utakuwa kazini kutwa. Hapa wajukuu wanaingia na kutoka. Jirani anakuja Jumamosi, tunaangalia pamoja. Nimezoea, mwanangu."

"Nilidhani unanisubiri."

"Nilikusubiri. Halafu nikazoea. Usinikasirikie."

Hakukasirika. Alilala hapo siku mbili, akampaka mama mafuta miguuni, akarudi kazini Jumatatu. Kile chumba hajakipangisha. Kila wiki hufungua dirisha lake, hufuta vumbi kwenye televisheni, na kutandika shuka safi.