Makaa ya Juu ya Kifuniko

Kwetu Arua hakuna anayenyimwa moto. Mtu anakuja na kigae chake, anachota makaa jikoni kwako, anakwenda zake, wala haombi. Desturi hiyo niliipenda mpaka siku binti yangu alipoolewa.

Wakwe zake walikuwa wanatoka Koboko kuja kumchukua jioni. Wifi yangu, dada wa mume wangu, alishatangaza nyumba nzima kwamba keki inunuliwe, eti mikono yangu ni ya kusonga ugali wa muhogo tu. Thubutu! Mtoto wangu hatoki kwangu na keki ya dukani. Nilitaka wale wanawake wa Koboko waonje, wajue ametoka jikoni kwa nani.

Nikachanganya unga, kakao, mayai na siagi. Nikachoma sukari mpaka ikawa rangi ya asali, nikaimwagia maziwa, nikapata karameli nzito. Keki nikaiweka ndani ya sufuria kubwa yenye mchanga, sigiri ya makaa chini, makaa mengine juu ya kifuniko, maana bila moto wa juu haiumuki. Nikaenda kuoga.

Narudi, kifuniko hakipo. Wifi amekibeba na makaa yake yote mpaka chumbani, kujazia chetezo cha udi. Keki imebonyea katikati kama godoro la zamani. Niliwaka. Nilimwambia ana roho mbaya, kwamba siku hii aliingoja, na mengine ambayo siwezi kuyaandika.

"Moto iko mingi, wifi," akasema. "Nitakuletea ingine."

Upole ule ndio ulionichoma zaidi. Nikamimina karameli yote ndani ya lile shimo, kwa hasira, bila kupima. Wageni wakala, wakalamba vidole, wakamsifu wifi kwa kuwa yeye ndiye aliyeikata na kugawa! Watu husema hasira hasara. Basi acha nipate hasara.

Binti akaja kuniaga, nguo zake zote zinanukia udi.

"Mama, mwache shangazi," akaninong'oneza. "Mimi ndiye niliyemtuma. Nilitaka nifukizwe kwa moto wa jikoni kwako."

Gari likaondoka naye. Nyuma ya nyumba wifi alikuwa ameinama, anasugua sufuria yangu. Hasira ilikuwa bado imenijaa kifuani, na sikuwa tena na mtu wa kumtupia.